Kipindi cha Michezo Hakiazimwi

Mwanangu Shufaa,

Salamu tumeshapeana kwenye chakula, na dua nimekuombea baada ya Isha mpaka babako akaniuliza kama leo nimekuwa imamu. Kwa hivyo niache niingie moja kwa moja. Wewe umelala, ama unajifanya umelala, na mimi nimekaa ukumbini na kalamu nyekundu ya kusahihishia, kwa sababu za buluu umezifungasha zote kwenye sanduku lako. Usidhani nakusahihisha.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na watu wa kuongea nao kwenye basi sitakuandikia. Babako anakusindikiza mpaka Mokowe na hayo yote atayasema kwenye boti, kisha atayarudia pale basi linapopakia, kisha atakupigia simu kabla hujafika Witu. Mimi nina neno moja tu, na limenikaa kooni tangu jana alasiri.

Jana ulipigiwa simu na mwalimu mkuu wa shule yako mpya huko Kitui. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi, umeweka spika, nami nachagua mchele jikoni. Sikuwa nadukua, nyumba yenyewe unaijua ilivyo, mtu akipiga chafya darini tunamwombea rehema chini. Nikamsikia anakukaribisha vizuri, mtu mwenye adabu zake. Kisha akasema: "Mwalimu, nimeona umesomea biolojia na michezo. Hapa kwetu vipindi vya PE viko kwenye ratiba kwa ajili ya wakaguzi tu. Tunavitumia kumalizia silabasi ya hesabu na sayansi. Natumaini hiyo si shida."

Na wewe, uliyekesha chuoni ukisomea jambo hilo hilo, ukajibu: "Hakuna shida kabisa, mwalimu. Mimi niko tayari kwa lolote."

Lo! Nilitamani nitoke na sinia langu la mchele nikunyang'anye simu. Baadaye nikakuona unazitoa raba zako za michezo kwenye sanduku na kuzisukuma chini ya kitanda. Nimezirudisha, ziko chini ya mashuka. Nikasirikie ukipenda.

Najua kwa nini ulijibu vile. Ni kazi yako ya kwanza, mtu mkubwa yuko kwenye simu, na hutaki uonekane msumbufu hata hujafungua mzigo. Kwa umri wako ningejibu hivyo hivyo, tena ningemalizia na asante nyingi. Lakini Shufaa, mimi na wewe tunamjua yule mwalimu mkuu. Yale maneno yake niliyasema mimi kwa miaka, kwa sauti hii hii, na wewe umekaa dawati la tatu upande wa dirishani ukinitazama.

Wakati ule mlikuwa kidato cha pili. Kwenye chumba cha walimu kipindi cha michezo tulikiita "akiba". Mwalimu wa kemia akichelewa na silabasi, anachota kwenye akiba. Mtihani ukikaribia, tunaulizana: nani leo anakula akiba? Na mara nyingi mlaji alikuwa mimi, maana mwalimu wa hesabu hakosi sababu. Mwalimu Athman wa fizikia, unamjua mdomo wake, alikuwa akisema, "Bi Khadija, mpira haumo kwenye mtihani," nasi tunacheka wote, tunaendelea na chai. Hakuna aliyeona kuwa ni wizi. Tulijiona walimu wenye bidii, na wazazi walitusifu hivyo.

Mwalimu wa michezo naye alikuwa nani? Yeyote aliyeajiriwa mwisho. Anapewa filimbi kama mtu anavyopewa zamu ya kufagia, na akija mwingine mpya anampokeza. Mipira ilikuwa imefungiwa stoo pamoja na madawati yaliyovunjika, na ufunguo haukujulikana uko kwa nani.

Wewe shuleni uliniita Mwalimu na nyumbani Mama, na hukuchanganya hata siku moja. Kwa hivyo nilishtuka jioni ile ulipoingia, ukaweka mkoba chini, ukasema bila kunisalimu: "Mama, mwambie Mwalimu Khadija ametuibia tena." Nilikugombeza. Nikakwambia mtoto mzuri hafuatilii mambo ya kurukaruka, na kwamba utanishukuru mbele. Ukapanda darini ukalia, na mimi nikakaa chini nikijiambia kulia kwenyewe ni ukaidi. Naikumbuka jioni ile kuliko siku uliyohitimu. Mtoto alinieleza ukweli kwa adabu kabisa, nami nikamjibu kwa cheo.

Sasa nikwambie jambo ambalo hukulijua, kwa sababu nililificha vizuri chini ya silabasi. Mimi mpira siujui. Sikuwahi kuushika. Nilikulia nyumba ambayo msichana akifika umri fulani anaambiwa akae, na akikaa anasifiwa. Nilikuwa hodari wa kukaa, mwanangu, tuzo ningepata. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie atoke kiwanjani mbele ya wasichana wamtazame anavyohema, si atakimbilia ubaoni? Ubaoni hakuna anayenishinda. Kile kipindi nilikiogopa, ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kukila. Walimu wengi utakaowakuta wanaodharau michezo, ukiwakwangua kidogo utakuta hofu hiyo hiyo. Kwa hivyo usiwachukie. Nichukulie mimi kama kielelezo, kipo nyumbani.

Na nilikuwa na ngao yangu. Kila afisa wa elimu akija kuuliza mbona wasichana hawachezi, nilijibu kwa uso mkavu: "Wazazi hawataki. Hapa ni Lamu." Basi afisa anatingisha kichwa kwa heshima, anaandika, anakunywa soda, anapanda boti. Nilisema hivyo mpaka nikaamini. Hata mzazi mmoja sikumuuliza.

Unamkumbuka Zainabu, yule wa Pate aliyekuwa akikaa kwa mama yake mdogo hapa Langoni? Ndiye aliyekuwa akisimama nyuma ya darasa vipindi vya baada ya chakula, mgongo ukutani, daftari mkononi. Siku moja nikamwambia akae chini, asinifanyie maonyesho. Akasema, "Mwalimu, nikikaa nalala." Nikamlazimisha akae. Akalala. Nikamwamsha, nikamtoa nje aruke kichura mpaka mwisho wa korido na kurudi. Ebu fikiria akili hiyo: mtoto anadai mwili wake umechoka kukaa, mwalimu anamnyima mchezo kisha anampa mruko kama adhabu. Usifanye hivyo huko, nakuomba sana. Walimu wa huko watafanya, watasema zunguka kiwanja kwa kuchelewa, ruka kwa kupiga kelele. Kila mtoto anayezungushwa kiwanja kwa adhabu atakuja kukiogopa kiwanja ukubwani, kama mimi.

Kisha ikaja ile harusi ya binamu yako. Wewe ulikuwa na homa ukabaki na bibi yako, ndiyo maana kisa chenyewe hukijui vizuri. Ngoma ya wanawake ilikuwa hapo Langoni, mtaa umefungwa turubai huku na huku, wanaume wameambiwa wapite ndia nyingine. Mimi nilikaa mkekani, magoti yananiuma kwa kupanda ngazi tu. Na pale katikati, mabuibui yametundikwa ukutani, nikamwona Zainabu. Shufaa, msichana yule alicheza! Kiuno, mabega, miguu, jasho linamtiririka, akipumzika anacheka, akimaliza kucheka anaingia tena. Huyu ndiye mtoto wangu wa kulala darasani. Akaniona, akanijia mbio kuniita duarani.

"Mwalimu, ndoo ucheze!"

"Sijui," nikamwambia. "Na wewe nguvu hizi huwa unaziacha wapi ukija shuleni?"

Akashangaa kweli, kama vile nimemuuliza jambo la kitoto. "Shule tunakaa, mwalimu. Na tukitoka kiwanjani, kuna mato ya watu yatutazama. Hapa hakuna."

Nikamtazama mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza duara. Nikatazama wengine. Wote walikuwa mama za wanafunzi wangu, wale wale niliowasemea kwa maafisa kwamba hawataki. Walikuwa wanaruka, wanazunguka, wanapiga vigelegele, na hakuna aliyekuwa amekaa ila mimi na mabibi wagonjwa. Nikaona haya, lakini haya ya kufaa. Nikamsogelea mama mdogo wa Zainabu, nikampigia kelele sikioni, maana ngoma ilikuwa imepamba moto: "Mngekubali wasichana wacheze mpira shuleni?"

"Nani alikataa?" akauliza. "Sisi tulikataa kiwanja kile. Ukuta umeanguka, kila mpita ndia na punda wake awaona. Tulingoja mtatuuliza. Hamkutuuliza."

Hivyo tu. Miaka yote ile jibu lilikuwa mtaa wa pili, na mimi nafunga mlango wa kipindi kwa jina la watu ambao sikuwahi kubisha hodi kwao.

Kesho yake nilienda kwa Bi Mwanaesha, anayetunza maturubai ya harusi ya mtaa, nikamwomba aniazime yale makubwa siku ambazo hakuna shughuli. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya kuzungushia kiwanja. Akacheka mpaka akashika mlango, kisha akanipa na mjukuu wa kunibebea. Mwalimu mkuu wetu wa wakati ule alipinga, akasema tutaonekana vipi. Nikamwambia hiyo ndiyo maana ya turubai, tusionekane. Akatupa muhula mmoja wa kujaribu.

Siku ya kwanza ulikuwepo, lakini wewe uliuona mchezo, hukuniona mimi langoni. Tulisahau jambo moja: Lamu hii, ukifunga turubai alasiri na wasichana wakapiga kelele nyuma yake, hakuna anayewaza mpira. Sijapuliza filimbi mara ya pili nikasikia hodi. Nikafungua, nikawakuta wanawake wa mtaa, wamejifukiza udi, wamevaa za kutokea, mmoja ameshika sinia la halua. Bi Mwanaesha mwenyewe yuko mbele, eti alisahau kuwaambia.

"Bibi arusi ni nani siku ya yeo?" akauliza mwenye sinia. "Na mbona hatukualikwa?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikasema hakuna harusi, ni kipindi cha michezo. Wakatazamana. Nikadhani sasa kazi imeharibika, watasusa, watasema tumewafanyia mzaha. Yule mwenye sinia akaliweka chini taratibu, akavua buibui lake, akaniambia, "Basi na sisi tumeshakuya." Na kweli wakaingia. Unakumbuka Bi Mwanaesha alivyodaka mpira akakataa kuutoa? Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Na ni yeye aliyenitupia mimi, kwa nguvu, mbele yenu wote, nami nikaudaka kwa kifua kama mtu anayedaka mbuzi. Ulinipigia makofi. Hiyo ndiyo siku ya kwanza wewe kunipigia makofi shuleni, na nilikwenda nyumbani mwili wote unauma na moyo umejaa furaha.

Sasa usinielewe vibaya ukaenda kuwaahidi watu miujiza. Zainabu hakuwa wa kwanza darasani. Hesabu ilimshinda alipokuwa akilala na ilimpa shida alipokuwa macho. Lakini aliacha kusimama ukutani. Akawa anakaa, ananitazama, anauliza. Nilikuwa nimefundisha darasa lile siku zote nikidhani wananisikiliza kwa adabu, kumbe walikuwa wamezimia. Na Mwalimu Athman hakubadilika. Alisema tumeigeuza shule ukumbi wa harusi, na bado anasema. Lakini siku hizi akimaliza chai huja na kiti chake, anakaa nje ya turubai, anasikiliza alama, kisha ananiuliza nani ameshinda kana kwamba haimhusu.

Huko unakokwenda hakutakuwa na turubai, wala sababu hazitakuwa zetu. Kuna wavulana na wasichana pamoja, na naomba uangalie ni nani anayecheza na ni nani anayeshikishwa mashati ya wachezaji. Labda kizuizi kitakuwa jua. Labda msichana ana sketi moja na hataki kuichafua, au yuko kwenye siku zake na hana wa kumwambia. Labda kijana anatembea mbali sana kuja shule na anafika miguu imekwisha. Mimi sijui, na wewe pia hujui, na yule mwalimu mkuu mwenye adabu nadhani hajui. Watakuja kukupa sababu moja nzuri iliyokwisha kupikwa, kama ile yangu ya wazazi. Ukiisikia, itikia kwa heshima, kisha nenda ukaulize wenyewe.

Wala usiende kupigana naye siku ya kwanza. Kwa tabia yako, huogopi kupigana ukishakasirika, unaogopa kukataa ukiwa mtulivu, na hilo umelirithi kwangu. Yeye ana hofu ya matokeo. Wazazi wanamuuliza alama, wakubwa wake wanamuuliza alama, hakuna mtu hata mmoja anayemuuliza watoto wanapumua vipi. Mwalimu wa hesabu naye atakuja kwako na uso wa huruma, atakuomba kipindi "mara hii tu". Namjua, maana uso huo nimeuvaa. Mpe chai, mpe pole, msaidie kusahihisha daftari zake jioni kama una nafasi. Kipindi usimpe. Mwambie aje mwenyewe kiwanjani hata kushika saa. Akidaka mpira mara moja mbele ya wanafunzi wake, nusu ya kazi umeimaliza.

Na simu ile uliyojibu jana haijafunga mlango. Umesema uko tayari kwa lolote, sawa. Kufundisha michezo nako ni lolote. Ukifika, mwambie kwa upole kwamba vipindi vile utavishika wewe, kwa sababu ndiyo kazi uliyoletwa, na kwamba biolojia yako haitalala nyuma. Sauti itakutetemeka. Iache itetemeke, maneno yatafika tu.

Nina hofu na wewe, nisikufiche. Sihofii ugeni wa bara wala chakula chao. Nahofia uje likizo umenenepa maneno ya chumba cha walimu, unacheka kile kicheko chetu cha zamani, unasema mpira haumo kwenye mtihani. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia nimeiba. Nikikupoteza kwenye upande ule, nitakuwa nimekupoteza kwa mkono wangu, maana mimi ndiye niliyekufundisha kusema hakuna shida. Lakini tumaini langu ni kubwa kuliko hofu, ndiyo maana naandika badala ya kulia. Ukiwa kidato cha pili ulikuwa na ujasiri wa kumkabili mwalimu wako, tena mama yako. Huyo wa Kitui ni mtu baki tu.

Sasa lililobaki ni la kesho, na hili sijui nikuambie vipi, ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Leo shuleni Mwalimu Athman alinijia kwa sauti tamu, si kawaida yake. "Bi Khadija, nasikia mtoto asafiri kesho na boti ya asubuhi. Nenda kamsindikize kwa raha zako. Kidato cha tatu kipindi cha kwanza nitakushikia mimi."

"Utawatoa kiwanjani?" nikamuuliza.

Akatazama pembeni. "Tutamalizia mada ya umeme kidogo. Mtihani uko karibu, Bi Khadija. Na wewe una udhuru, hakuna atakayekulaumu."

Kweli hakuna ambaye angenilaumu. Nilisimama pale nikiwa na ruhusa mkononi na sababu nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Binti yangu wa pekee anaondoka. Wasichana wale wangekaa tena, kwa siku moja tu, kwa ajili ya fizikia, na wangenielewa. Nikafikiria gati, nikafikiria utakavyopanda boti na lile sanduku, nikataka kusema ndiyo. Wallahi nilitaka.

Nikamwambia ahsante, kipindi changu nitakishika mwenyewe.

Kwa hivyo kesho usinitafute gatini, mwanangu. Babako atakuwepo, shangazi zako watakuwepo, mimi sitakuwepo. Nitakuaga mlangoni baada ya alfajiri na nitakukumbatia mpaka ulalamike, kisha nitakwenda kazini. Boti yako ikiondoka nitakuwa kiwanjani na mabinti wa watu, na huenda nikalia filimbi iko mdomoni, wao watadhani nimekasirika. Mtu akija huko kukuomba kile kipindi, hata kwa dakika chache, mwambie huwezi, mamako hakuja gatini kukuaga kwa ajili ya kipindi kama hicho.

Ni mimi,
Mama